Shamba Kwenye Daftari: Karafuu na Deni la Nyumba Visiwani Zanzibar

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Zanzibar iliwaita wataalamu mmoja baada ya mwingine waje kuitazama hali ya wenye mashamba ya karafuu. C. F. Strickland, aliyekuwa amefanya kazi ya vyama vya ushirika huko Punjab, alitoa ripoti yake mwaka 1932. Mwaka huohuo Sir Alan Pim alichunguza fedha za serikali yenyewe, na baada yake C. A. Bartlett na J. S. Last wakapewa kazi ya kuchunguza madeni ya wakulima. Hakuna aliyebisha kwamba mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa deni. Ubishi ulikuwa juu ya sababu. Maelezo yaliyopendwa zaidi, maofisini na barazani vilevile, yalikuwa kwamba mwenye shamba hajui kuhesabu: akipata hutumia, akikosa hukopa, na akikopa humalizia pesa kwenye ndoa, khitma na nguo za Idi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Maelezo hayo yana raha yake kwa anayeyatoa, kwa sababu yanaliweka kosa lote ndani ya nyumba ya mdaiwa na kumwachia mshauri kazi ya kuhubiri tu.

Historia ya karafuu inaonyesha jambo jingine. Kwa nyumba ya mkulima wa Pemba au Unguja, deni lilikuwa njia ya kuendesha maisha ambayo kipato chake kilikuja mara moja kwa mwaka na matumizi yake yakaja kila asubuhi. Mwenye busara na mfujaji walikopa sawasawa, kwa sababu kalenda yao ilikuwa moja. Kilichowatenganisha waliolipa na waliozama ni masharti ya mkopo: nani alibeba hasara bei ya karafuu ilipoanguka, kitu gani kiliwekwa dhamana, na vipi mchele wa jikoni na ujira wa wachumaji viliandikwa katika daftari moja bila kutenganishwa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoeleza pia kwa nini hatua za serikali za kuwaokoa wadaiwa ziliokoa ardhi bila kuondoa haja ya kukopa.

Tuanze na mti wenyewe. Mkarafuu hauanzi kuzaa vizuri kabla ya miaka saba au minane tangu kupandwa, na baada ya hapo hauzai kwa usawa. Mavuno ya mwaka mmoja yanaweza kuwa mara kadhaa ya yale ya mwaka unaofuata. Msimu mkubwa huangukia nusu ya pili ya mwaka, na kazi yake haisubiri. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, na siku chache za kuchelewa zinatosha kuishusha thamani yake. Baada ya kuchuma kuna kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na makonyo, kisha kuanika kwa siku kadhaa juu ya majamvi au sakafu, huku jicho likiwa mawinguni, maana karafuu zikinyeshewa hushuka daraja. Hapo tu ndipo huuzwa kwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16. Mwenye shamba basi alihitaji pesa nyingi zaidi katika wiki zilezile ambazo alikuwa bado hajauza kitu. Wachumaji walilipwa kwa pishi, na hawakukubali kungoja mpaka karafuu zifike mjini.

Haja hiyo ya pesa taslimu ilikuwa na mwanzo wake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mashamba yaliendeshwa kwa kazi ya watumwa, ambao hawakulipwa ujira. Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, kila pishi iliyochumwa ikawa na bei yake ya papo hapo. Wachumaji wakawa watu huru, wakiwemo Wahadimu na Watumbatu waliosafiri kwenda Pemba msimu ulipofika, na watu wa bara kama Wanyamwezi. Ulikuwa ushindi wa haki juu ya dhuluma, na gharama yake kwa aliyezoea kuchumiwa bure si jambo la kusikitikia. Lakini kwa historia ya deni, mwaka huo una maana yake. Shamba lilipata bili ya ujira isiyoweza kuahirishwa, bila kupata chanzo kipya cha fedha za kuilipa kabla ya mauzo. Bili hiyo haikumwangukia tajiri mwenye maelfu ya mikarafuu peke yake. Pemba, iliyokuwa imekwisha kuwa kisiwa kikuu cha karafuu, ilikuwa na wenye miti michache wengi, Waarabu na Waswahili, ambao nao waliwaajiri wachumaji katika wiki hizohizo.

Mikopo yenyewe ilikuwa ya kale kuliko bili hiyo. Tangu Sayyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja, biashara yote ya pwani ilikwenda kwa dhamana na ahadi. Nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wenye asili ya Kutch, ilikodi ushuru wa forodha kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kati ya miaka ya 1830 na 1880, na masultani wenyewe walikopa kwake. Hata gharama za kifamilia za nyumba ya kifalme zilikuwa kubwa. Baada ya Said kufariki mwaka 1856, ugomvi wa wanawe juu ya urithi ulimalizwa mwaka 1861 kwa uamuzi wa Lord Canning, uliomtaka Majid wa Zanzibar ampe nduguye wa Maskati dola 40,000 kila mwaka. Chini ya ngazi hiyo mlolongo uliendelea: nyumba kubwa za mjini zilipata mitaji na bidhaa kutoka Bombay, zikawakopesha wenye maduka, na mwenye duka wa shamba akamkopesha mkulima mchele, nguo, sukari na rupia. Karafuu zilipanda ngazi hiyohiyo kurudi juu. Katika mpangilio huo kudaiwa hakukuwa aibu. Asiyedaiwa na yeyote alikuwa mtu asiyeaminiwa na yeyote.

Mpangilio ulihimili misukosuko mikubwa. Bei ya karafuu, iliyokuwa karibu dola 10 kwa frasila mwanzoni mwa miaka ya 1830, ilishuka hadi karibu dola 2 kufikia miaka ya 1850, kwa sababu kila mwenye uwezo alikuwa amepanda mikarafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa. Kwa nini basi wenye mashamba hawakunyang'anywa mashamba kwa wingi wakati huo? Sababu mojawapo ni kwamba mkopeshaji hakulitaka shamba. Mwaka 1860 Konseli wa Kiingereza, Rigby, aliwaacha huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi, akiwahesabu Wahindi hao kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyelichukua shamba asingeweza tena kuliendesha kama mwenyewe wa awali. Ilimfaa zaidi kumwacha mdaiwa shambani, amwongezee muda, na kuzipata karafuu zake kila msimu. Mkopo ulidumu kwa kuwa pande zote mbili zingepoteza kama ungevunjwa.

Karatasi iliyobeba mikopo mikubwa iliitwa bei khiyari. Kwa kuwa riba imekatazwa katika Uislamu, mwenye shamba aliliuza kwa mkopeshaji kwa kiasi fulani huku akibaki na haki ya kulikomboa kwa kiasi kilekile ndani ya muda uliowekwa. Katika muda huo aliendelea kukaa shambani na kulipa kodi kama mpangaji. Tuchukue mfano wa kuonyesha hesabu tu: shamba likiuzwa kwa rupia 1,000 na kodi ikawa rupia 150 kwa mwaka, mdaiwa ameilipa riba ya asilimia 15 kwa jina la kodi, na baada ya miaka saba atakuwa amelipa zaidi ya kiasi alichopokea bila kulikaribia shamba lake hata kwa hatua moja. Ubaya wa mkataba huu ulikuwa katika umbo lake kuliko katika kiwango chake. Kodi haikupungua kwa mavuno mabaya wala kwa bei mbaya. Haukuwa na njia ya kulipa kidogo kidogo. Ama ukomboe lote, ama uendelee kulipa kodi. Wadaiwa wenye rupia 50 za ziada baada ya msimu mzuri hawakuwa na mahali pa kuzipeleka zikapunguza deni, kwa hiyo ziliishia katika matumizi. Mtazamaji wa nje aliona ufujaji pale ambapo mkataba wenyewe ulikuwa umeifunga njia ya akiba.

Umbo la familia liliongeza uzito. Visiwani miti huweza kumilikiwa mbali na ardhi inapoota, na sheria ya mirathi huigawa kwa mafungu: mjane thumni yake ikiwa marehemu ameacha watoto, mwana wa kiume mafungu mawili kwa moja la binti. Deni la marehemu hutangulia mirathi, na ndiyo maana mpaka leo mazishini husimama mmoja wa jamaa akamwomba mwenye dai lolote awaone warithi. Desturi hiyo inahifadhi heshima ya marehemu, lakini pia inalifanya deni la mtu mmoja kuwa la nyumba nzima. Shamba lililowekwa khiyari na baba liliwakuta warithi sita au saba, kila mmoja na fungu dogo, hakuna mwenye uwezo wa kulikomboa peke yake na kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Wachache waliikwepa hatari hii kwa kuliweka shamba wakfu kwa ajili ya kizazi chao, kwani mali ya wakfu haiuzwi. Walipata usalama, na wakalipa bei yake: shamba ambalo mdai hawezi kulichukua ni shamba ambalo hawezi kulikopeshea. Jambo hili lilikuwa likijulikana kwa wenye mashamba muda mrefu kabla ya serikali kuligundua upya.

Sasa tuijibu hoja ya ufujaji, maana haikosi ushahidi wote. Harusi kubwa zilikuwepo, na khitma zilizolisha kijiji zilikuwepo, na baadhi ya rupia zilizokopwa ziliishia huko. Lakini hoja hiyo inakwama mahali pawili. Kwanza, ingekuwa kweli, madeni yangekuwa ya watu wa tabia fulani. Yaliyokutwa yalikuwa ya tabaka zima, matajiri na wenye miti michache, Unguja na Pemba. Malcolm Darling, aliyeandika juu ya wakulima wa Punjab mwaka 1925, alikwisha kuonyesha kwamba deni hukua pamoja na neema, kwa sababu ardhi ikipanda thamani ndipo wakopeshaji hukubali kukopesha juu yake. Karafuu zilifuata kanuni hiyo: bei nzuri ilifungua mikopo mikubwa, na mikopo hiyo ilibaki na ukubwa wake bei zilipoporomoka katika mdororo wa dunia baada ya 1929. Mtu aliyekopa kiasi cha frasila 50 kwa bei ya mwaka wa neema alijikuta akidaiwa frasila 100 bila kuongeza rupia moja ya anasa. Pili, matumizi ya heshima yalikuwa sehemu ya dhamana. Nyumba iliyozika vizuri, ikaozesha vizuri na kukirimu wageni ilionyesha kwamba ina watu nyuma yake. Mwenye duka aliyekopesha mchele bila karatasi aliitazama heshima hiyohiyo. Kumwambia mkulima aache kutumia kwa ajili ya jamaa ilikuwa kumwambia apunguze kitu kilichomfanya akopesheke.

Kuna hoja ya pili, iliyopendwa na wanasiasa kuliko maofisa: kwamba tatizo lilikuwa uroho wa wakopeshaji wa Kihindi. Hapa pia kuna ukweli wa kukubaliwa. Mkulima wa shamba la mbali alikuwa na duka moja la kukopa na mara nyingi duka hilohilo la kuuzia, kwa hiyo aliyempa mchele mwezi wa Aprili ndiye aliyepanga bei ya karafuu zake mwezi wa Septemba. Daftari likiwa la mmoja na msomaji wake akiwa mmoja, mkulima alipunjwa mara mbili, kwenye bei ya alichokopa na kwenye bei ya alicholipia. Lakini mwenye duka naye alikuwa mdaiwa wa nyumba ya mjini, na alipofilisika hakuna aliyemtungia sheria. Kuugeuza mgongano wa nafasi mbili katika soko kuwa mgongano wa makabila mawili kulificha swali lililohitaji jibu: kama mwenye duka akiondoka, nani atatoa mchele wa Aprili?

Sheria za mwaka 1934 zilichukua njia ya kabila. Mojawapo ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa watu wa makabila mengine bila idhini ya serikali, kwa mfano ulioshabihiana na sheria ya ardhi ya Punjab ya mwaka 1900. Nyingine iliwabana wakopeshaji, na madai juu ya mashamba yalisimamishwa kwa muda. Chama cha wakuzaji karafuu, CGA, kilichoanzishwa mwaka 1927, kiliimarishwa, na mwaka 1937 sheria mpya ikakipa nguvu kubwa juu ya ununuzi na usafirishaji. Serikali ya India ilikuwa imemtuma K. P. S. Menon mwaka 1934 kuchunguza malalamiko ya Wahindi. Mwaka 1937 chama cha Congress huko India kiliitisha mgomo dhidi ya karafuu za Zanzibar, na kwa kuwa India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, maumivu yalionekana haraka. Mapatano ya mwaka 1938 yaliwarudishia wasafirishaji wa Kihindi nafasi katika biashara, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya ardhi.

Matokeo yake yanapaswa kuhukumiwa kwa haki. Mashamba mengi yaliyokuwa njiani kupotea yalibaki kwa wenyewe, na hilo si jambo dogo. Lakini kwa athari yake sheria ya 1934 ilikuwa imeyageuza mashamba yote kuwa kama wakfu. Ardhi ikawa salama, na kwa sababu ileile ikawa dhamana dhaifu. CGA kilitoa mikopo ya msimu kwa ajili ya kupalilia na kuchuma, ambayo ndiyo sehemu bora ya mpango huo, kwa kuwa ilitenga gharama za shamba na za jikoni, na ikalipwa karafuu zilipouzwa. Matumizi ya nyumbani, hata hivyo, hayakupata chama. Mgonjwa hakungoja msimu, wala mchele, wala ada ya chuo. Kwa haja hizo palibaki njia zisizohitaji hati ya ardhi: kuuza mazao yakiwa bado mtini kwa bei ya kubahatisha, kukodisha mikarafuu kwa msimu, kuweka dhahabu ya mke rehani, kucheza upatu. Mzigo ulihama kutoka shamba la mume kwenda kwenye kisanduku cha mke.

Mtu anaweza kusema kwamba Mapinduzi ya 1964 yalilimaliza suala hili, kwa sababu mashamba makubwa yalitaifishwa, familia zikagawiwa eka tatu tatu, na serikali ikawa mnunuzi pekee wa karafuu. Ni kweli kwamba bei haikupanda na kushuka tena mikononi mwa mwenye duka. Lakini kwa miaka mingi serikali ilimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na magendo ya karafuu kwenda Kenya, yaliyoadhibiwa vikali, yalionyesha jinsi wakulima walivyoipima bei hiyo. Hatari ya kuporomoka iliondolewa pamoja na faida ya kupanda. Kalenda haikuguswa. Familia yenye eka tatu ilikuwa bado na msimu mmoja mkubwa na miezi mingi ya kununua unga na mchele.

Masharti ya mkopo, pamoja na kalenda ya kipato, yanatoa kipimo cha kuitazama mikopo ya leo, ambayo pia huzungukwa na mahubiri juu ya nidhamu ya mkopaji. Mikopo ya simu iliyoenea Afrika Mashariki tangu M-Shwari ilipoanzishwa Kenya mwaka 2012 ilianza na muda wa siku 30 na ada ya asilimia 7.5, na mikopo ya mitaani ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu hudai marejesho kwa wiki au hata kwa siku. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, siku 30 zinaweza kulingana na maisha yake. Kwa mkulima, mvuvi au fundi anayelipwa kazi ikipatikana, muda huo haulingani na chochote; atakopa mara ya pili ili alipe ya kwanza, kama mdaiwa wa khiyari alivyolipa kodi miaka saba bila kulikaribia shamba. Nidhamu ina nafasi yake, na nyumba inayoandika matumizi yake itaona mapema inapoelekea kukwama. Hata hivyo, nidhamu haiwezi kuugeuza mkataba usioruhusu malipo madogo, wala kuigawana hasara ya bei na mdai aliyeikwepa kwa karatasi.

Dawa ya deni ni kulipa, na wakulima wa karafuu walilijua hilo vizuri kuliko maofisa waliowaandikia ripoti. Kwa vizazi vitatu walilipa kwa karafuu, kwa kodi na kwa dhahabu ya wake zao. Walichokosa ni mkopo uliotenga gharama za kazi na za jikoni, uliokubali rupia 50 pale zilipopatikana, na uliopungua makali msimu ulipokufa. Mkopo wa msimu wa CGA ulitimiza sharti la kwanza kati ya hayo, na ndiyo sababu unastahili kukumbukwa kuliko sheria za ardhi zilizoupa mwaka 1934 jina lake. Anayetaka kupunguza madeni ya nyumba za leo angeanza vizuri kwa kumtaka mkopeshaji aonyeshe kalenda ya marejesho yake, kisha ailinganishe na kalenda ya kipato cha anayekopeshwa, kabla ya kuuliza harusi iligharimu kiasi gani.